Prokirasio kutoka Marekani: karatasi, kompyuta au video? Ulinganisho kwa sisi wa Lubumbashi

Karani aliishika ile prokirasio, yaani karatasi ya mtu kumpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, kwa mikono miwili, akaiinua kuelekea dirishani, kisha akapitisha kidole gumba juu ya kashe (muhuri). Akakipitisha tena. Alikuwa anatafuta kile kivimbe ambacho kashe kavu huacha kwenye karatasi, au angalau wino wa bluu uliopenya kidogo hadi upande wa pili. Hakukuta kitu. Kashe ilikuwa nyeusi, bapa, imetoka kwenye printa yangu mwenyewe asubuhi ile.

“Papa, hii ni fotokopi,” akasema. “Lete orijino.”

Orijino ya karatasi haikuwepo popote duniani. Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) anayeishi Dallas alikuwa ametia saini mbele ya notere, mthibitishaji wa saini, kwa njia ya video, akiwa jikoni kwake baada ya kazi. Kilichozaliwa pale ni faili. Faili hilo ndilo orijino, na nilipolichapisha, nguvu yake yote ilibaki ndani ya kompyuta. Mnunuzi wa parseli, yaani kiwanja tulichokuwa tunauza kwa prokirasio ile, alingoja wiki mbili, akaenda kununua kwingine. Karani yule simlaumu, maana alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa letu: tulichagua njia kabla ya kuuliza karatasi inakwenda wapi.

Ninafanya kazi ya sekretaria hapa mjini, kupiga barua, kuskani, kuwajazia watu fomu. Tangu siku ile, kila anayekuja na habari ya ndugu aliyeko Marekani namuuliza kwanza: hati hii itaishia mezani kwa nani? Jibu lake ndilo linalochagua kati ya njia tatu ninazozilinganisha hapa.

Notere wao si notere wetu

Jina ni moja, kazi ni mbili. Hapa Kongo notere ni ofisa anayefanya kazi kwa mamlaka ya umma, na sheria yake ya msingi ni sheria-amri namba 66-344 ya tarehe 9 Juni 1966, iliyorekebishwa mwaka 2016. Mnafika mbele yake, hati inasomwa, mnaulizwa kama yaliyoandikwa ndiyo mnayoyataka, mashahidi wanatia saini, naye anatia yake na kashe, kisha hati inapewa namba na kuingia kwenye daftari la ofisi. Ikitoka pale inaitwa akti otantiki, yaani hati rasmi. Anayetaka kuikana ana kazi nzito ya kuonyesha kwamba ni ya uongo.

Notere wa Marekani anaweza kuwa karani wa benki, mwenye duka la kutuma vifurushi, au jirani aliyeomba kibali. Texas humpa kibali cha miaka 4. Haandiki hati yako, hakushauri, wala hajali kama parseli ni yako kweli. Anathibitisha mambo machache tu: kwamba aliyetia saini ndiye yule aliyejitaja, kwamba alifika mbele yake, na kwamba alitia saini kwa hiari au aliapa.

Kwa hiyo kashe ya Dallas inasema “huyu ndiye aliyeweka saini” na inaishia hapo. Maneno ya ndani ni mzigo wenu, na hapa ndipo familia nyingi zinapoanguka hata kabla ya habari ya kompyuta. Sheria yetu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado tunaitumia, inasema prokirasio iliyoandikwa kwa maneno ya jumla inaruhusu kusimamia mali tu. Kuuza lazima kutajwe waziwazi. Nimeshika mikononi prokirasio nzuri kabisa, yenye kashe na utepe, iliyosema “ndugu yangu asimamie mambo yangu yote”. Kwa karatasi ile unaweza kukusanya kodi na kutengeneza paa. Huwezi kuuza hata tofali moja. Andikeni neno “kuuza”, andikeni avenyu, namba ya parseli, komini na namba ya sertifika ya anrejistrema (hati ya umiliki wa ardhi). Na andikeni kwa Kifaransa, au Kifaransa na Kiingereza ubavu kwa ubavu, ili msije mkamtafuta mtafsiri aliyeapishwa wakati siku zimeshakwisha.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ya zamani. Mtu anakwenda kwa notere, anaonyesha pasipoti, anatia saini kwa kalamu, notere anagonga kashe. Kule Texas bei ya juu ya notere kwa saini ya kwanza ni dola 10. Unatoka na karatasi yenye wino, na karatasi yenye wino inaeleweka kila mahali.

Ya pili ni ya elektroniki lakini ana kwa ana. Wawili wako chumba kimoja, ila hati iko kwenye kompyuta au tableti na saini zote mbili ni za elektroniki. Msingi wake ni sheria za Marekani za mwaka 1999 na 2000 zilizosema saini isikataliwe kwa sababu tu ni ya elektroniki. Kwetu sisi sioni faida yake. Yaya amepoteza nusu siku kwenda ofisini, na bado anatoka na faili. Notere akiwapendekezea njia hii kwa hati ya Kongo, mwombeni karatasi.

Ya tatu ndiyo inayosifiwa kila mahali: notere yuko kwake, wewe uko kwako, mnaonana kwa video. Virginia ndiyo iliyotangulia, sheria ikapitishwa mwaka 2011 na kuanza tarehe 1 Julai 2012. Texas ilianza tarehe 1 Julai 2018. Mwaka 2020, korona ilipofunga maofisi, majimbo mengi yaliharakisha, na leo zaidi ya majimbo 40 yana sheria ya kudumu. California ilipitisha yake mwaka 2023, lakini manotere wake wamewekewa hadi mwaka 2030 kuanza.

Sharti zake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Notere lazima awe na kibali cha ziada cha kazi ya mtandaoni, na mwili wake uwe ndani ya jimbo lake wakati wa kikao, hata kama wewe uko mbali. Ikiwa hakufahamu binafsi, unavuka kuta mbili. Ukuta wa kwanza: programu inachunguza picha ya kitambulisho chako, alama zake za usalama, mistari ile ya herufi na namba iliyo chini ya ukurasa wa pasipoti. Ukuta wa pili, mara nyingi, ni maswali yanayotokana na maisha yako yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu za Marekani: uliwahi kuishi mtaa gani, gari gani lilikuwa la mkopo wako. Kwa kawaida ni maswali 5 au zaidi, dakika 2, na lazima upate asilimia 80. Kikao kizima kinarekodiwa. Texas na Virginia hutaka rekodi itunzwe miaka 5, Florida miaka 10. Mwishoni notere anaifunga hati kwa sertifika ya dijitali. Baada ya hapo mtu akibadilisha hata herufi moja, programu ya kusomea inatoa onyo kwamba hati imeguswa. Texas inaruhusu notere atoze hadi dola 25 kwa kazi hiyo, juu ya bei yake ya kawaida.

Ulinzi huo wote unaishi ndani ya faili. Lifungue kwenye kompyuta, ubofye saini, utaona jina la notere, tarehe, saa, na taarifa kwamba hakuna kilichobadilika. Lichapishe, na unabaki na picha ya kashe ambayo mtoto mwenye simu anaweza kuitengeneza. Karani wangu alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Ikiwa hati inakuja Kongo

Kwa uuzaji wa parseli, urithi, au jambo lolote litakalofika kwa konservatere (ofisa wa hati za ardhi), mahakamani au kwa notere wa hapa, chagueni karatasi na wino.

Sababu si ukaidi wa makarani tu. Kongo haimo katika mkataba wa La Haye (The Hague) wa mwaka 1961, ule unaofanya hati ipite nchi kwa nchi kwa muhuri mmoja uitwao apostili. Rwanda na Burundi zimo, na ndiyo maana jamaa wa Kigali anaweza kukuambia “weka apostili tu, yatosha”. Kwake inatosha, kwetu haitoshi. Karatasi ya yaya inapita mikono minne: notere, kisha ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayothibitisha kwamba notere huyo kweli ana kibali (Texas ni dola 15), kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kule Washington, dola 20 kwa hati, kisha ubalozi wetu Washington. Kila mkono unathibitisha saini ya mkono uliotangulia. Ukiruka mmoja, anayefuata hana cha kuthibitisha. Hesabuni wiki, wala msimwahidi mnunuzi tarehe.

Ipo njia fupi zaidi kwa raia wa Kongo, nayo naiweka mbele ya zote kwa anayeweza kufika Washington: kutia saini palepale ubalozini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya kazi za konsuli unampa konsuli mamlaka ya kufanya kazi ya notere kwa watu wa nchi yake, mradi sheria ya nchi alipo haikatazi. Hati inatoka kwenye mkono wa Kongo, kwa Kifaransa, bila ngazi zile tatu za kwanza. Anayekaa Maryland au Virginia asifikirie mara mbili. Anayekaa Dallas apige hesabu ya tiketi ya ndege akilinganisha na posta na wiki za kungoja.

Anayefuatilia sheria ataniambia kwamba tunayo Kodi ya Numeriki (kitabu cha sheria za dijitali, si kodi ya kulipa), sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoipa hati na saini ya elektroniki thamani yake. Ni kweli, na niliisoma kwa furaha. Lakini thamani hiyo ina masharti juu ya aina ya saini na juu ya anayetoa sertifika, na haijafuta ulazima wa kuthibitisha hati ya nchi nyingine. Tena dosie ya parseli bado ni folda ya karatasi kwenye rafu. Siku meza ile itakapokuwa na kompyuta inayofungua faili na kusoma sertifika, nitaandika ulinganisho huu upya.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha video ninachokitamani kwa ajili ya mji huu, nacho ni ile rekodi. Tunajua jinsi parseli zinavyouzwa mara mbili. Tunajua watoto wanaosimama miaka 3 baada ya mazishi na kusema “hii si saini ya baba”. Wino hauwezi kujibu. Video inaweza: mzee anaonekana, anataja jina lake, anaulizwa kama analazimishwa, anajibu. Kwa hiyo kwa jambo kubwa ninaishauri familia ipitishe prokirasio kwa karatasi, halafu siku ileile yaya apige simu ya video mbele ya wakubwa wa familia, aisome prokirasio kwa sauti, na irekodiwe na kuhifadhiwa sehemu mbili. Mbele ya konservatere haisaidii kitu. Mbele ya wajomba na shangazi inasaidia sana.

Na kwa mambo madogo yasiyogusa ofisi ya serikali, video inatosha yenyewe: barua ya kumruhusu dada akusanye kodi ya nyumba Kampemba, au makubaliano kati ya washirika wa biashara, ikiwa anayepokea amekubali kupokea faili.

Ikiwa hati inakwenda Marekani

Hapa mizani inageuka. Mtu yuko Katuba, na benki, bima au mwanasheria wa Houston anataka saini yake iliyothibitishwa. Anayepokea ana kompyuta, anajua kulisoma faili, na mara nyingi ndiye anayependekeza video.

Sheria ya majimbo mengi inamruhusu notere kumhudumia mtu aliye nje ya Marekani, ila kwa masharti: jambo liwe na uhusiano na Marekani, kama mali iliyoko kule, kesi iliyoko mahakama ya kule au biashara inayogusa kule, na kitendo chenyewe kisiwe kimekatazwa na sheria ya nchi ulipo. Kwa hati ya bima ya Houston hakuna shida. Kwa parseli ya Ruashi sharti la kwanza tayari linakwama.

Kikwazo kikubwa ni zile kuta mbili. Karte ya elekta (kadi ya mpiga kura), ambayo ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku, usiitegemee. Unahitaji pasipoti isiyokwisha muda. Halafu yanakuja maswali. Niliwasaidia watu wawili katika mwezi mmoja. Wa kwanza aliishi Houston miaka 9 kabla ya kurudi. Aliulizwa mtaa wake wa zamani, akajibu bila kufikiri, na alimaliza kabla chai yake haijapoa. Wa pili alikuwa mama mdogo ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Mfumo ulimtafuta, haukumkuta popote, ukafunga mlango. Alidhani amekosea kitu. Hakukosea. Maswali yale yanachimbwa kwenye kumbukumbu za mikopo na anwani za Marekani, na yeye hayumo.

Kwa mtu kama yeye kuna mlango mdogo: sheria za majimbo kadhaa zinakubali notere anayekufahamu binafsi, au shahidi wa kuaminika anayeapa kwamba anakufahamu. Ikiwa kanisani kwa yaya kuna notere mwenye kibali cha mtandaoni aliyewahi kukaa nanyi, muulizeni. Asiwe ndugu, asiwe na faida katika hati, na kufahamiana kuwe kwa kweli, si kwa picha za simu.

Mlango huo ukikosekana, linabaki konsuli la Marekani. Kashe yake ni dola 50 kila moja, na ukiwa na hati tatu ni 150. Lipo Kinshasa, ambako kutoka Lubumbashi ni ndege. Ubalozi wa Marekani ulioko Lusaka unafikika kwa barabara kupitia Kasumbalesa, ukiwa na hati za safari zilizo sawa, na kwa wengi wetu ndiyo safari nyepesi zaidi. Wekeni miadi kwanza. Usitie saini nyumbani, maana lazima uitie mbele yao.

Mama mdogo alikwenda Lusaka. Alirudi siku ya tatu, na hati ilipokelewa.

Majina, na saa ya kikao

Majina yanastahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote, kwa njia yoyote mtakayochagua. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili linalolifuata) na jina dogo (prenomu). Fomu za Marekani zina nafasi mbili na kijisehemu cha katikati. Mtu akifika kule, postnomu inageuka herufi moja, au inaungana na jina, au inapotea. Kisha prokirasio inakuja Lubumbashi na jina ambalo halifanani na sertifika ya parseli, na kwa macho ya konservatere huyo ni mtu mwingine. Andikeni majina yote matatu kwa mpangilio wa sertifika, na kama pasipoti ya Marekani inasema vingine, hati yenyewe iseme kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Kwa wanaokwenda kwa video kutoka hapa: saa 4 asubuhi ya Dallas ni saa 11 au saa 12 jioni kwetu, kutegemea majira yao, na hiyo ndiyo saa umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, unapopenda kukatika. Ombeni miadi ya mapema kabisa kwao. Simu iwe imejaa, mega za intaneti ziwe za kutosha, na uwe na simu ya pili ya laini nyingine ya kutoa mtandao. Mawasiliano yakikatika katikati, mara nyingi kikao kinaanza upya, na nafasi za kujibu maswali tena zina kikomo. Kaa mbele ya taa, si mbele ya dirisha. Mtu asikae pembeni kukunong'onezea, kwa sababu notere akihisi unaongozwa ana haki ya kusimamisha kikao, na anapaswa kukisimamisha.

Na kwa wanaongoja bahasha: yaya asiifunge kabla ya kupiga picha ya kila ukurasa, mbele na nyuma, na kukutumia. Zichukue picha hizo, uende nazo kwenye meza itakayoipokea hati, uwaonyeshe, uwaulize kama kuna kinachopungua. Kosa lililoonekana wakati karatasi bado iko Dallas linarekebishwa kwa dola 10 na asubuhi moja.